Blanketi la Viraka Linakwama Wapi?

Kazi ya sindano haikwami popote tu. Vuta begi lililosukumwa chini ya kitanda, fungua lile sanduku la bati ambalo mama hakutaka watoto walichezee, na blanketi la viraka utakalolikuta humo litakuwa limesimama mahali panapotabirika. Ama vipande vimekatwa vyote lakini vilivyoungwa ni robo. Ama uso wake umekwisha na unapendeza, ila kitambaa cha nyuma hakijapatikana. Ama matabaka yamepigwa bandi upande mmoja na pindo limebaki wazi. Ni nadra kukuta blanketi lililoachwa katikati ya mstari wa mshono. Mtu akishaketi na mstari wake, huufikisha mwisho.

Tumezoea kumsema aliyeacha kazi yake: mvivu, hana subira, anaanza kumi hamalizi moja. Lakini kama ugonjwa ungekuwa uvivu, kazi zingekwama ovyo, kila moja pake. Zinakwama kwenye vivuko, pale hatua moja inapoisha na inayofuata inadai kitu ambacho ya kwanza haikukidai: fedha, sakafu pana, mikono ya mtu wa pili, au macho makali zaidi. Kwa hiyo anayetaka kumaliza kazi ya miaka asianze kwa kujilaumu. Aulize kwanza imesimama kwenye kivuko gani, na kivuko hicho kinataka nini.

Nachukua Mvumi kuwa mfano, tarafa ya Wilaya ya Chamwino, mwendo wa kilomita arobaini hivi kutoka Dodoma mjini, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni baridi. Watu wa pwani wakisikia Dodoma hufikiria jua, vumbi na zabibu, wakasahau kwamba uwanda wa kati uko juu. Dodoma mjini penyewe ni mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na upepo wa alfajiri hauombi ruhusa kupita chini ya mlango. Huku blanketi zito si pambo. Ya pili ni kalenda ya shamba, ambayo nitaifikia hivi punde, kwani ndiyo inayoeleza kwa nini kazi ya miezi michache hugeuka kazi ya miaka.

Kwa asiyelijua, blanketi la aina hii, ambalo Wamarekani huliita kwilti, lina matabaka matatu: uso wa vipande vilivyoungwa, kijazo katikati, na kitambaa cha nyuma kinachofanya kazi ya bitana. Mishono hupita matabaka yote matatu ili kijazo kisihame wala kisijikunje kikifuliwa. Mwisho huja pindo la kuzunguka. Si kazi ya kale ya Ugogo. Wanawake wengi wa Mvumi, kama wenzao wa Singida au Morogoro, wameizoea zaidi sindano ya kudarizi mashuka na ya kufuma vitambaa vya makochi na meza, kazi zilizofundishwa katika shule za wasichana za misheni na baadaye katika vikundi vya akina mama kanisani. Viraka vilikuwa vya nguo ya shambani. Na hapo kuna kivuko kimoja kisichoonekana, cha aibu: mwenye blanketi la viraka huogopa mgeni akiliona atadhani nyumba imeishiwa. Kazi ambayo mwenyewe ana wasiwasi nayo huwa ya kwanza kurudishwa sandukuni wageni wakibisha hodi.

Aibu hiyo haina msingi wa historia. Husimuliwa kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunga: mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na Mombasa walinunua leso zikiwa bado hazijakatwa, tatu tatu, wakashona mistari miwili pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakachapisha nguo nzima, wakauza. Vazi tunaloliona kuwa la heshima kuliko yote, la arusini na msibani, lilianza kwa mwanamke aliyekaa na sindano akiunga vipande.

Sasa kalenda. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Kabla hazijaanza watu huberega, yaani husafisha shamba na kuliandaa bila kulima kwa kina, ili mvua ya kwanza ikute mbegu tayari. Kisha palizi, tena palizi. Uwele na mtama vikianza kukomaa kuna kuamia ndege, kwani kwelea kwelea akitua shambani hakuachii cha kupura. Mavuno na kupura huchukua Mei na Juni. Kwa hiyo mwanamke mwenye shamba huanza kupata alasiri zake kuanzia Julai, na kufikia Oktoba zimeshaanza kuliwa na safari za maji, maana visima vya karibu navyo hukauka. Huo ndio msimu wa sindano: miezi mitatu, minne ukibahatika.

Hesabu mwenyewe. Blanketi lililoanza Julai litakuwa limefika kivuko cha pili Oktoba. Linaingia sandukuni. Miezi minane baadaye linatoka, na mwenyewe hakumbuki tena ni vipande vingapi vilibaki, rangi ipi ilikuwa ifuatane na ipi, wala uzi ule mwekundu aliuweka wapi. Alasiri nne za kwanza zinakwisha kwa kukumbuka. Ikifika msimu wa tatu, majirani wanasema kazi imekaa miaka mitatu. Kwa saa za kweli za sindano, huenda haijafikisha wiki mbili.

Wanasaikolojia waliwahi kuligusa jambo hili. Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, aliyekuwa akisoma Berlin chini ya Kurt Lewin, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukumbuka zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizomaliza. Matokeo hayo yakapata umaarufu mkubwa, ingawa waliorudia majaribio baadaye hawakuyapata sawasawa kila mara. La mwenzake Maria Ovsiankina, la mwaka 1928, limesimama vizuri zaidi: mtu aliyekatizwa kazi, akipewa nafasi, huirudia mwenyewe bila kuambiwa na bila kuahidiwa ujira. Lakini katika majaribio hayo vifaa vilikuwa pale pale mezani, mbele ya macho. Ninavyoona, sanduku la bati linavunja sharti hilo moja. Hamu ya kumaliza ipo, hakuna kinachoiamsha. Kapu lililotundikwa ukutani, juu ya kiti anachokalia mtu alasiri, lina nguvu kuliko kiapo cha mwaka mpya.

Tuvishike vivuko kimoja kimoja, tukianza na hesabu ya vipande, kwa kuwa watu wengi huanza kukata kabla ya kuhesabu. Tuseme blanketi ni la kitanda cha futi 5 kwa 6, ambacho ni inchi 60 kwa 72. Vipande ni vya mraba, inchi 6 kila upande. Kila mshono unakula robo inchi pande zote, hivyo kipande kikishaungwa kinabaki inchi 5 na nusu. Ili kufunika kitanda hicho unahitaji vipande 11 kwa upana na 13 kwa urefu: jumla 143. Aliyekadiria kwa macho hudhani themanini zitatosha. Akishaunga arobaini na kuona zimefunika sehemu ndogo tu ya kitanda, moyo unamvunjika, na hapo ndipo begi linapofungwa.

Dawa ya kivuko hiki mara nyingi si kuongeza bidii. Ni kupunguza kazi. Vipande 40, vikipangwa vitano kwa vinane, vinatoa inchi 27 na nusu kwa 44: blanketi kamili la mtoto mchanga, la kumfunikia kliniki na mgongoni asubuhi za Julai. Kazi iliyokuwa robo ya ndoto kubwa inakuwa kitu kizima kilichofika kwenye pindo. Kuna watakaosema huko ni kujidanganya. Mimi nadhani waliojidanganya ni wale wanaotunza kwa miaka mpango wa kitanda cha futi 6 kwa 6 huku kila mwaka kukizaliwa mtoto ukoo huohuo na wanakwenda kumnunulia blanketi la dukani.

Kivuko cha pili ni kitambaa cha nyuma, nacho ni cha fedha moja kwa moja. Uso wa viraka haugharimu kitu: mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani, shati la shule lililopasuka mgongo, gauni la mtumba lisilomtosha mtu. Unajengwa kwa kuokota. Kisha ghafla unadai kitambaa kimoja kikubwa, kizima, kinachonunuliwa kwa mkupuo. Ndiyo maana nyuso nyingi nzuri huishia hapo. Anayeshona kwa kuokoteza hakuwa amepanga kununua.

Lakini jibu liko kabatini. Kanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa 110 hivi. Doti moja, ikiungwa kwenye upande mrefu, inatoa kitambaa cha sentimita 150 kwa karibu 220. Uso wetu wa futi 5 kwa 6 ni kama sentimita 153 kwa 182. Urefu unazidi kwa zaidi ya shubiri moja, upana unapungua vidole viwili hivi. Ile ziada ya urefu hukatwa ukanda ukaungwa pembeni, na kazi ikakamilika bila kwenda masoko ya Majengo wala Sabasaba, Dodoma mjini, kutafuta kitambaa. Doti iliyochakaa kidogo ni bora kuliko mpya, kwa sababu imeshamaliza kunywea na kutoa rangi. Kuhusu jina la kanga, lichague mwenyewe, ila umkumbuke atakayelala: kanga ya vijembe haifai kitanda cha mgeni.

Katikati, watu hung'ang'ana kutafuta kijazo kama wanavyoona kwenye picha za nje, tabaka jeupe la pamba au nailoni. Halina ulazima. Blanketi kuukuu, hata lenye matundu, linafanya kazi hiyo vizuri, na lina faida moja ambayo wengi hawaijui. Pamba iliyochambuliwa hutembea ndani ya kitambaa. Isiposhikizwa kwa mistari iliyo karibu karibu, ikifuliwa mara mbili inajikusanya mabonge pembeni. Blanketi limefumwa, nyuzi zake zinashikana zenyewe, kwa hiyo mistari yako inaweza kuachana hata shubiri nzima. Sufi iacheni kwenye mito.

Kivuko cha tatu ni cha mahali, nacho ndicho ninachokiona kigumu kuliko vyote. Kuunga vipande ni kazi ya mapajani. Mtu huifanya akiwa amekaa kwenye kigoda huku akiangalia sufuria. Kupiga bandi hakufanyiki hivyo. Kunataka matabaka matatu yatandazwe kikamilifu, la nyuma likiwa limevutwa, la katikati limelala bila kukunjamana, uso juu yake, kisha mishono mirefu ya muda itoke katikati kwenda pembeni ili mikunjo yote isukumwe nje. Kazi ya saa mbili, tatu. Lakini inadai sakafu ya futi sita kwa saba isiyokanyagwa na mtu, na watu wawili wa kuvuta kila mmoja upande wake. Nyumba nyingi hazina sakafu tupu ya ukubwa huo. Uwanjani kuna upepo wa Agosti, kuku, na watoto wanaotoka shule.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapolazimika kutoka nyumbani kwa siku moja. Ukumbi wa kanisa siku isiyo ya ibada, darasa wakati wa likizo, hata baraza pana la jirani. Wanawake watano wenye nyuso tano zilizokwama wanaweza kuzipiga bandi zote siku moja, kwa zamu, na kila mmoja akarudi na kazi ambayo sasa inaweza tena kushonwa mapajani. Ugogoni kualikana shambani ni jambo la kale, aliyealika akiwapikia walioitika. Sioni sababu bandi isialikiwe. Na wanawake wa Zanzibar wanaoshona kofia za mkono, ambazo kila moja huchukua wiki nyingi na pengine miezi, wanalijua hili kwa namna yao: mchoraji wa nakshi anaweza asiwe mshonaji wa viua, na si lazima yeyote kati yao awe ndiye anayeunga kipande cha juu na ukanda wa pembeni. Kofia hupita mikononi mwa watu kadhaa bila yeyote kuona kwamba imeporwa.

Baada ya bandi kuna kushona matabaka, hatua inayotisha watu bure. Turudi kwenye blanketi letu la vipande 143. Ukifuata mishono iliyopo kati ya vipande, una mistari 10 ya kushuka na 12 ya kukata. Ukiijumlisha urefu ni inchi 1,441, kama mita 36 na nusu. Mita moja kila jioni kwa mkono, mshono wa kawaida wa kwenda mbele, haimchoshi mtu aliyezoea kudarizi. Wiki tano. Anayeona hata hizo ni nyingi ana njia ya mkato ambayo ni halali kabisa: kufunga mafundo. Sindano inashuka kwenye kona ambapo vipande vinne vinakutana, inapanda, uzi mnene unafungwa mara mbili na kukatwa. Kona za namna hiyo katika blanketi hili ni 120. Alasiri mbili, na mjukuu akikatakata nyuzi pembeni, moja na nusu. Ukiwa umetumia blanketi kuukuu katikati, mafundo yanatosha kabisa. Ukiwa umetumia pamba, rudi kwenye mistari.

Wapo watu walioukwepa mlolongo huu wote wa vivuko kwa kugeuza mpangilio wa kazi, nao ni ndugu zetu wa mbali. Wasidi wa Uttara Kannada, katika jimbo la Karnataka nchini India, ni wazao wa Waafrika, wengi wao wakitoka upande huu wa mashariki, waliopelekwa Goa na Wareno wakiwa watumwa. Baadhi yao walitorokea misitu ya Magharibi mwa India, na kizazi chao kipo hadi leo. Wanawake wao hushona kwilti iitwayo kawandi. Hawaungi uso kwanza. Hutandaza kitambaa cha nyuma, mara nyingi sari iliyochakaa, hukunja pindo, kisha hushonea vipande vya nguo kuukuu moja kwa moja juu yake kuanzia ukingoni, wakizunguka na kuzunguka kuelekea katikati. Henry Drewal, aliyekuwa profesa wa sanaa za Afrika katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ameieleza kwa kirefu kazi hii.

Tazama walichofanya. Kitambaa cha nyuma kinatangulia, hivyo hakuna uso unaosubiri fedha. Pindo, ambalo kwetu ndilo la mwisho na ndilo hubaki wazi, kwao ni la kwanza. Kuunga, kushika matabaka na kumaliza kingo ni tendo moja, sindano ileile, mapajani palepale. Kawandi ikikatizwa nusu njia bado ina kingo imara na inaweza kutumika. Kinachobaki ni pembe nne: kila moja hushonewa ua la vipande vya kitambaa vilivyokunjwa, phula, na isipokuwa nazo husemwa kwamba kwilti iko uchi. Kama ningekuwa naanza leo blanketi Mvumi, na najua kwamba mvua za Desemba zitanikuta popote nitakapokuwa, ningeanza kwa njia ya Wasidi. Kwa blanketi ambalo tayari lina uso ulioungwa haisaidii, lakini kwa rundo la vipande vilivyokatwa tu, inasaidia sana.

Kuna kivuko kingine kinachokuja polepole kiasi kwamba mwenyewe hakitambui. Mwanamke aliyeanza kazi akiwa na miaka 38 anairudia akiwa na 45, anakaa nayo dakika kumi, anaiweka. Anasema hamu imeisha. Kumbe haoni tundu la sindano. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu wakazi wa vijiji vya Kongwa, wilaya ya mkoa huuhuu, ulikuta kwamba karibu watu 62 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa wamepungukiwa uwezo wa kuona vitu vya karibu kwa sababu ya umri. Si ugonjwa, ni lenzi ya jicho kupoteza unyumbufu wake, na humpata kila mtu. Anayeona mbali vizuri ndiye anayechelewa kugundua, kwa kuwa anamtambua mtu akiwa bado kule barabarani lakini akishika kitambaa cheusi mapajani haoni alikotoboa.

Bibi ana mbinu yake ya siku zote. “Mjukuu wangu, hebu nitilie uzi hapa,” na mtoto anatia. Mbinu nzuri, iboreshwe: kabla mtoto hajaenda shule, atie uzi sindano nane na azichomeke mstari mmoja kwenye kipande cha sponji. Lakini kutia uzi ni nusu ya tatizo; kuona mshono ni nusu nyingine, na hiyo inataka miwani ya karibu. Watu wa Mvumi wamebahatika kuliko wengi katika jambo hili. Hospitali ya Mvumi ya Kanisa Anglikana imejulikana kwa tiba ya macho kwa miongo mingi; Allen Foster, daktari wa macho aliyekuja kuwa bingwa mashuhuri wa vita dhidi ya upofu duniani, alifanya kazi hapo kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980. Kupima ni bora kuliko kuokota tu miwani gulioni, kwa sababu huenda kinachofifisha macho kikawa ni mtoto wa jicho, ugonjwa usiopona kwa miwani. Ningethubutu kusema kwamba kwa wenye miaka zaidi ya 40, safari moja ya kupima macho itamalizisha kazi nyingi za sindano kuliko ushauri wote uliomo katika makala haya.

Macho yakishapatikana, kagua kitambaa chenyewe kabla ya kuongeza hata mshono mmoja. Kata kipande cha uzi wa zamani ukivute kwa ghafla. Kikikatika kwa urahisi, tupa, kwani uzi uliooza ukiutumia pindo litafumuka katika ufuaji wa kwanza. Sindano iliyoachwa imechomekwa kwenye kitambaa huacha kutu. Limau na chumvi, kisha jua, huiondoa ikiwa haijazama sana. Kwa rangi, lowesha kona ya kipande chekundu au cheusi, kibane kati ya vitambaa vyeupe, pitisha pasi ya moto. Rangi ikichafua, kifue kipande hicho peke yake kwanza. Na kama hujui kipande ni pamba au nailoni, choma uzi wake mmoja: pamba huungua kama karatasi ikaacha majivu, nailoni huyeyuka ikaacha punje ngumu. Vya aina mbili vikiungwa pamoja, cha pamba hunywea na cha nailoni hakinywei, uso ukafanya makunyanzi. Si dhambi, ila ujue mapema.

Zipo pia kazi ambazo aliyezianza hayupo tena. Hizi hazikwami kwa fedha wala kwa macho. Mtoto wa marehemu analifungua begi la mama yake, anaona mkono wake kwenye mishono, anafunga. Anaogopa kwamba mshono wake mwenyewe, mkubwa na usionyooka, utaharibu. Katika Gee's Bend, kijiji cha wakulima weusi huko Alabama, Marekani, ambacho kwilti zake zilioneshwa katika Jumba la Sanaa la Houston mwaka 2002 na kustaajabisha wengi, kuna moja iliyoshonwa mwaka 1942 na Missouri Pettway kwa nguo za kazi za mumewe aliyekuwa amefariki. Hakuitengeneza ili itazamwe. Aliishona ili ajifunike. Naelewa wanaosema mkono wa marehemu usichanganywe na mwingine, lakini siafikiani nao: blanketi lenye mikono miwili linaonyesha wazi mmoja aliishia wapi na mwingine alianzia wapi, na familia itajua kusoma hilo bila kuelezwa.

Na zipo ambazo hazistahili kumalizwa. Rangi zilizopendeza miaka kumi iliyopita hazipendezi tena, au kitambaa kimeliwa na mchwa katikati. Vipande viwili vikiwekewa kipande cha blanketi kuukuu ndani ni kishikio cha sufuria, na kishikio cha sufuria hushonwa kwa nusu saa. Kukatakata blanketi bovu kuwa vishikio kumi na kuvigawa kwa mashoga ni njia ya heshima ya kulifunga jalada. Linalokula nafasi ni lile ambalo halimalizwi wala haliachwi, linalokaa mwaka hata mwaka likimnyima mwenyewe raha ya kuanza jingine.

Ikifika katikati ya Oktoba na kazi bado, usilisukume blanketi chini ya kitanda lilivyo. Ng'oa sindano zote. Maliza mstari ulioko mkononi. Likunje kwa kuzungusha badala ya kulipiga pasi mikunjo mikali, lifunge ndani ya kitambaa safi, lining'inizwe juu mbali na mchwa na panya. Kisha chukua karatasi, andika kwa kalamu ya risasi isiyochuja rangi: vipande vilivyobaki ni vingapi, uzi upo wapi, hatua inayofuata ni ipi na inahitaji nini, iwe doti, sakafu, mtu wa pili au miwani. Ibandike juu kwa pini. Maandishi hayo yatakuokoa zile alasiri nne za Julai ambazo hupotea katika kukumbuka, na kama hatua inayofuata ni ya fedha, yatakukumbusha siku ya kuuza alizeti, kabla fedha hazijapata kazi nyingine.